Bata wa Naisimoi

Jumamosi, 8 Machi 1975
Asubuhi mawingu mazito upande wa Usambara, joto, hakuna upepo. Mvua bado.

Naisimoi ameleta maziwa na habari. Yeye ni mke mdogo wa Kisioki, mfugaji wa Kimasai ambaye boma lake liko ng'ambo ya bwawa la Kwemsasi, na kila asubuhi hupita nyumba za walimu akiwa na kibuyu mkononi na mtoto mgongoni. Alinikuta barazani nikinakili orodha ya ndege ya Februari. Akauliza ninaandika nini. Nikamwambia ni ndege wote niliowaona bwawani mwezi uliopita, kwa siku, saa na idadi.

"Yule mwenye kibiongo umemwandika?"

"Yupi?"

"Bata mdogo. Amejikunja kama mtu aliyebeba kuni. Na hapa," akagusa pembeni mwa pua yake, "ana doa jeupe kama amepakwa maziwa. Anakaa ndani ya yungiyungi, hatoki. Ukimtazama sana anazama."

Nilimjua palepale. Yumo katika kitabu changu cha picha za ndege: bata mgongo-mweupe, ambaye huo mgongo wenyewe hauonekani mpaka aruke, naye kuruka hapendi. Katika wilaya za Handeni na Korogwe hakuna aliyewahi kumwandika. Mimi nalitembelea bwawa hili kila Jumatano na kila Jumamosi, huu mwaka wa tatu. Nina aina mia moja na kumi na nane. Yeye hamo.

"Ulimwona lini?"

"Juzi. Na masika iliyopita. Na ile ya kabla yake." Akanimiminia maziwa bila kumwaga tone. "Mwalimu, wewe unamwendea na daftari. Bata hasomi."

Nilicheka naye. Alipoondoka niligundua nimeandika "kibiongo" pembeni mwa orodha safi, nikalazimika kuinakili upya.

Jumatatu, 10 Machi
Asubuhi kavu. Vumbi.

Orodha imekwenda Korogwe na basi la saa mbili, ili ipelekwe Dar es Salaam kwa Bwana Kaleb, mkuu wa ofisi inayokusanya habari za ndege wa majini. Mwishoni niliongeza: "Mwanamke mmoja mfugaji anadai kumwona bata mgongo-mweupe. Mimi sijamwona." Niliandika kwa sababu kila taarifa huandikwa. Nilitegemea pia kwamba neno "anadai" litafanya kazi yake.

Jumatano, 12 Machi
Bwawani saa kumi hadi kumi na mbili. Sikumwona.

Jumamosi, 15 Machi
Sikumwona.

Jumatatu, 17 Machi
Mvua ya kwanza, alfajiri. Paa la darasa la nne linavuja palepale.

Jumamosi, 22 Machi
Asubuhi manyunyu.

Barua ya Bwana Kaleb. Nimeisoma mara nne. Kwa miaka mitatu nimempelekea orodha thelathini na tano, naye hujibu kwa kadi yenye mstari mmoja: "Zimepokelewa, ahsante." Leo ameandika kurasa mbili, zote kuhusu Naisimoi. Huyo mama ana umri gani? Alisema doa liko wapi hasa? Anakaa umbali gani na maji?

Kisha jambo lenyewe. Ofisi imeruhusiwa kuajiri mwangalizi mmoja kwa kila bwawa kubwa. Atapata mafunzo ya miezi miwili Dar es Salaam, kisha atarudi kufanya kazi kwao. Bwana Kaleb atakuja mwenyewe Jumamosi tarehe 12 Aprili, alasiri moja tu, kwa kuwa petroli ni ya kuomba. "Bata huyo akionekana, nadhani tumempata mtu wetu. Kuandika atafundishwa, macho hayafundishwi. Asipoonekana, basi tutaendelea na wewe, Mwalimu."

Tutaendelea na wewe. Kama kiraka.

Mwalimu Hiza, mkuu wetu, aliniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia ni habari njema, mgeni anakuja.

Jumanne, 25 Machi
Maulidi, hakuna masomo. Nilikwenda bwawani mchana nikiwa na nguo zangu nzuri. Korongo wanne, bata wa kawaida kumi na wawili. Yeye hapana.

Ijumaa, 28 Machi
Mvua usiku kucha. Maji yamefika kwenye jiwe la tatu la ukingoni mwa bwawa.

Jumamosi, 29 Machi
Asubuhi jua, majani yote yanang'aa.

Nilikwenda saa tisa ili niwe peke yangu. Naisimoi alikuwepo tayari, anawanywesha mbuzi. Ameshasikia habari za mgeni. Kijiji kizima kimesikia. Tangu tusogezwe pamoja hapa mwaka jana, hakuna neno linalolala nyumba moja.

"Mwalimu, karibu. Kwangu leo," akasema, akanionyesha gogo nikae, kana kwamba bwawa ni sebule yake.

Nikamuuliza bata yuko wapi.

"Alikuwa pale. Amesikia viatu vyako."

Alisema kwa kucheka, wala hakuwa na ubaya. Kisha akanieleza jinsi mumewe alivyompa ruhusa ya kwenda Dar es Salaam iwapo Bwana Kaleb atamchukua. Mama mkwe hakutaka. Bibi huyo anasema Naisimoi huzua mambo: mwaka juzi aliona simba akawa ndama. "Safari hii," akasema, "mgeni wa serikali atamwona kwa macho yake. Bibi atanyamaza." Akamvuta mtoto wake, Taiyo, kutoka kwenye tope. "Mimi sijawahi kwenda hata Korogwe, Mwalimu. Treni ikoje?"

Nilimweleza treni. Nilieleza vizuri, na katikati ya maelezo nilitamani lingetokea jambo la kumzuia asiipande.

Nimeandika hilo ili lisipotee. Sijui kwa nini lisipotee.

Jumatano, 2 Aprili
Sikumwona.

Jumamosi, 5 Aprili
Sikumwona. Wanafunzi wa darasa la sita wamechora bata mwenye kibiongo ubaoni. Chini wameandika jina la Naisimoi. Hakuna aliyewahi kuchora ndege wangu hata mmoja.

Jumatano, 9 Aprili
Mvua. Sikwenda. Nimepiga pasi gauni la Jumamosi mara mbili.

Jumamosi, 12 Aprili
Asubuhi ukungu hadi saa tatu, kisha jua kali. Mawingu kuanzia saa nane. Nitaandika kwa mpangilio.

Bwana Kaleb alifika saa tisa na robo na Land-Rover iliyojaa tope hadi madirishani. Mtu mfupi, mzito, mwenye sauti ya kanisani. Mwalimu Hiza alipomtambulisha kwangu akasema, "Huyu Mwalimu Mwantumu ni Mzigua wa hapa hapa," na mgeni akanyanyua mikono.

"Mzigua? Basi nimefika kwa watumwa wangu. Mimi Mnyamwezi wa Sikonge. Niletee maji ya kunawa."

"Maji yako yale pale bwawani," nikamjibu. "Inama unywe kama babu zako. Walipita hapa na mizigo mpaka vichwa vikawa bapa, hatukuwadai hata ahsante."

"Mlituuzia maji njiani. Leo mnataka kutuuzia bata."

Mwalimu Hiza alicheka mpaka akavua miwani. Watu waliotufuata walicheka pia. Utani wa Mzigua na Mnyamwezi ni wa tangu misafara ya mababu, kila mtu anajua namna yake: hakuna kukasirika, hakuna kudai ushahidi, na anayejibu kwa ukali zaidi ndiye anayependwa. Naisimoi pekee hakucheka. Alisimama pembeni na shuka jipya jekundu, akitutazama kwa zamu, kama mtu anayesubiri ugomvi uishe ili kazi ianze. Kwao hakuna utani wa namna hii na wageni.

Tulikaa kwenye tuta. Bwana Kaleb alikuwa na darubini yake, mimi yangu. Naisimoi hakuwa nayo na hakuiomba. Saa kumi hakuna kitu. Saa kumi na nusu hakuna kitu. Bwana Kaleb alimuuliza mambo mengi na kila jibu lake lilikuwa sahihi: jinsi anavyozama bila kurusha maji, anavyoibuka mbali na pale alipozamia, anavyopiga mluzi akiwa amejificha. Mgeni alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha. Mimi alinitania, yeye alimwuliza. Nilihesabu maswali: kumi na saba. Mimi sikuulizwa swali hata moja.

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi yalianza matone. Bwana Kaleb akashusha darubini aifute vioo kwa shati. Mwalimu Hiza alikuwa akitafuta mwavuli. Mimi nilikuwa nikipitisha yangu taratibu juu ya yungiyungi za upande wa kusini, kutoka kushoto kwenda kulia, kama nilivyojizoeza.

Nikamwona.

Alikuwa kati ya jani lililopinduka na ua lililofumba. Amejikunja, rangi ya majani makavu, shingo nyembamba yenye rangi ya tangawizi, na pembeni mwa mdomo lile doa. Jeupe kabisa. Maziwa, kama alivyosema. Akazama. Nikahesabu kumi na moja, akaibuka hatua mbili kulia, akageuza kichwa, akatulia.

"Mzigua," Bwana Kaleb akaita, bado anafuta vioo, "mbona umekuwa kimya? Umeona nini?"

Sikupanga. Naapa hapa ambapo hakuna anayesoma, sikupanga. Darubini yangu ilikwisha kusogea kulia, na mdomo ukasema:

"Nimeona Mnyamwezi mzito ameegemea tuta letu. Likibomoka mtatulipa bwawa."

Wakacheka wote. Bwana Kaleb akacheka kuliko wote, akajifanya kusukuma tuta kwa mgongo. Hakuna aliyeuliza tena, maana nilikuwa nimejibu. Mvua ikashuka kama imekatwa kamba. Dereva akaja mbio kusema barabara ya Korogwe itafunga. Tukakimbia.

Mlangoni mwa gari Bwana Kaleb alimshika Naisimoi mkono kwa heshima. "Pole, mama. Siku nyingine." Alisema kama mtu anayemwambia mtoto. Kisha akanigeukia. "Mtani, tutaandikiana."

Naisimoi alibaki amesimama mvuani, shuka jipya limemgandama. Alikuwa haangalii gari. Alikuwa ananiangalia mimi.

Sikusema uongo hata neno moja. Nimeipitia alasiri yote na sikulikuta neno la uongo.

Jumapili, 13 Aprili
Asubuhi mvua. Maziwa hayakuja.

Katika daftari la ndege, mstari wa jana nimeuacha wazi. Sijawahi kuacha mstari wazi.

Jumatatu, 14 Aprili
Asubuhi baridi, barabara haipitiki.

Naisimoi amekuja. Akamimina maziwa, akafunga kibuyu, hakuondoka.

"Mwalimu. Mimi majini nimetazama miaka mingi, kwa hiyo Jumamosi sikutazama majini. Niliwatazama ninyi. Darubini yako ilikuwa inatembea. Ikasimama. Halafu ikatembea."

"Nilikuwa napumzisha macho."

"Sawa," akasema.

Angenitukana ningemjibu.

Jumatano, 16 Aprili
Sikwenda bwawani.

Jumamosi, 19 Aprili
Asubuhi jua. Nzi wengi.

Maziwa yameletwa na mke mkubwa wa Kisioki. Nikamuuliza Naisimoi anaumwa? Haumwi. Mama mkwe amesema ameliaibisha boma mbele ya serikali, na mwanamke anayezua hafai kutembea peke yake kila asubuhi kwenye nyumba za watu. Sasa anakaa nyumbani na ndama. Mbuzi wananyweshwa na mwingine.

"Wanamwita Mama Bata," mke mkubwa akasema. Hakuonekana kufurahi wala kusikitika. Alimwaga maziwa kidogo barazani, akaomba radhi.

Kwa wiki sita nimemwonea wivu kwa kuwa kila siku alikuwa bwawani kabla yangu. Leo bwawa lote ni langu. Nilikaa kwenye lile gogo hadi magharibi, sikufungua darubini.

Jumanne, 22 Aprili
Mvua. Unga wa njano umefika dukani, foleni mpaka barabarani.

Ijumaa, 25 Aprili
Asubuhi mawingu.

Barua ya ajira. Jina langu limepigwa chapa, Mwantumu binti Mhina, bila kosa. Imeambatana na fomu ya bwawa ya kutia saini: aina zilizothibitishwa, na chini, aina zilizodaiwa bila kuthibitishwa. Hapo wamekwisha kuandika: bata mgongo-mweupe, ametajwa na mfugaji, hakuonekana.

Mwalimu Hiza alisoma barua kwa sauti mbele ya walimu. Wakapiga makofi. Nikaomba ruhusa nikaenda chooni, nikasimama humo mpaka kengele ilipolia.

Jumatatu, 28 Aprili
Nimemwandikia Bwana Kaleb. "Bata alionekana. Mimi nilimwona saa kumi na moja kasoro dakika kumi, tarehe 12, upande wa kusini. Nilinyamaza. Aliyemgundua ni Naisimoi, na kazi ni haki yake." Basi limeondoka nayo.

Nilidhani nitajisikia mwepesi.

Jumamosi, 3 Mei
Mvua inapungua.

Jumatano, 7 Mei
Hakuna barua.

Jumatano, 14 Mei
Asubuhi angavu, umande mwingi.

Bwana Kaleb amejibu. "Mtani wangu Mzigua, barua yako imeichekesha ofisi nzima. Kwa hiyo ulimwona bata ukaniambia umeona Mnyamwezi? Wazigua hamwishi vituko. Najua una huruma na yule mama, na huruma ni jambo jema, lakini kitabu cha ndege hakiandikwi kwa huruma. Tia saini fomu uirudishe upesi. Na ukija Dar uje na mahindi ya kuchoma, usije mikono mitupu kama kawaida yenu."

Uongo wangu niliufunga kwa utani, sasa ukweli nao hautoki humo.

Jioni nilikwenda kwa mama yangu mdogo, Mwaija, nikamweleza yote. Alikuwa anapepeta, hakuacha. Alipomaliza ungo akasema, "Neno zito kwa mtani hulipeleki wewe. Unampa mtu wa kando alipeleke, asiye mtani. Hata msiba ni hivyo. Hukufundishwa?" Nilifundishwa. Nilisahau kwa sababu lilinifaa kusahau. Kisha akasema, "Na huyo mwanamke umemwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Nilikuwa nimeiandikia Dar es Salaam kwanza.

Ijumaa, 16 Mei
Mwalimu Hiza, Msambaa, si mtani wa Bwana Kaleb. Nimemweleza ofisini mlango ukiwa umefungwa. Aliuliza mara moja tu: "Tulipokuwa tunacheka, ulikuwa unamwona?" Nikasema ndiyo. Akavuta karatasi ya shule, akaandika mwenyewe, akapiga mhuri, akanipa nitie saini chini ya maneno yake. Hakunikaribisha chai. Barua itaondoka Jumatatu, pamoja na fomu, ambayo sikuitia saini.

Jumamosi, 17 Mei
Asubuhi baridi kidogo, upepo wa kusini, anga safi. Masika imekwisha, nadhani.

Nilikwenda kwenye boma la Kisioki saa nne. Nilikuta wamekaa nje: Kisioki, mama yake, mke mkubwa, na Naisimoi akimkamulia Taiyo maziwa ya ng'ombe moja kwa moja mdomoni. Nikamwamkia bibi, nikapewa kigoda. Walidhani nimekuja kulipa deni la maziwa.

Nikasema nilichofuata. Nilimwona bata wa Naisimoi. Yupo. Ni kama alivyomweleza, hata doa. Nilinyamaza mgeni asimwone.

Kisioki akamfasiria mama yake Kimasai, maneno machache kuliko yangu. Bibi akanitazama sana, akasema jambo.

"Anauliza," Kisioki akasema, "bata huyo ana nyama kiasi gani hata mkosane."

"Mwambie hana nyama. Mwambie niliona wivu."

Hilo halikuhitaji kufasiriwa. Bibi alikwisha kulielewa kwa Kiswahili.

Naisimoi akamwachia ndama chuchu. "Sema tena, Mwalimu. Mume wangu hakusikia vizuri."

Kisioki alikuwa amesikia. Hata hivyo nilisema tena, yote, tangu mwanzo. Naisimoi akaniambia nieleze na ule mzaha, kwa nini watu walicheka. Nikaeleza. Mzaha ukielezwa kwa watu wasiocheka ni kitu kibaya sana. Mke mkubwa alitazama chini.

Nilipomaliza Naisimoi akauliza, "Alizama?"

"Alizama."

"Ulihesabu?"

"Kumi na moja."

"Ah. Alikuwa hajaogopa. Akiogopa hukaa chini mpaka unasahau ulikuwa unatafuta nini." Akamfuta Taiyo mdomo. "Sasa ana watoto watatu. Nimewaona jana."

"Jana? Nilisikia umekatazwa kwenda."

"Nilikatazwa," akasema, na bibi akatazama pembeni.

Hata pale, kwenye kigoda cha watu niliowadhulumu, wivu uliniuma. Watatu. Mimi sijawaona.

Aliniuliza kama sasa atakwenda Dar es Salaam. Nikasema sijui, barua imeandikwa, ofisi wanaweza kukataa kila kitu, yeye na mimi pia. Akasema, "Basi tutangoja." Hakunisamehe, wala hakunikaribisha tena. Alinisindikiza hadi kwenye miiba ya boma, akaufunga mlango nyuma yangu kama anavyowafungia ndama, bila haraka.

Jioni nimefungua daftari la ndege, mstari ule wa tarehe 12 Aprili. Nimeandika: Bata mgongo-mweupe, mmoja, yungiyungi za kusini, saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Kisha katika safu ya mwisho, ambapo kwa miaka mitatu limeandikwa jina moja tu, nimeandika: Aliyemwona kwanza, Naisimoi, mke wa Kisioki.

Barua ya kukiri ilinichukua nusu saa. Neno "kwanza" limenichukua tangu isha. Wino umekauka. Saa tano na dakika ishirini usiku, nalala.